Farasi haugui kwa sababu ya jina

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda fupi ila hii mnivumilie maana jambo lenyewe limenikaa kooni muda sasa. Nazungumzia hii imani kwamba farasi ukimbadilisha jina umemletea nuksi, kwamba atakufa, au atamwangusha mtu afe, au shamba zima litaingia mkosi. Najua kuna msomaji wa Mwanjelwa au Kihesa hapo anacheka, farasi wako wapi huku kwetu wakati tuna punda na bodaboda. Wapo ndugu yangu. Sio wengi, ila Mufindi kwenye ukanda wa chai wapo, na kwenye mashamba ya watu binafsi huku Nyanda za Juu wapo wapo, watalii wanapanda, watoto wa wenye mashamba wanapanda, na sisi masaisi tunaowatunza ndio tunabaki na lawama kitu kikiharibika.

Kilichonifanya nishike kalamu ni farasi jike mmoja aliyenunuliwa huko kaskazini akaletwa kwetu kwa lori. Alikuja anaitwa Kimbunga. Mke wa bosi akasema hapana, mtoto gani nitampandisha juu ya Kimbunga, kuanzia leo huyu ni Asali. Basi mzee mmoja pale kijijini, ambaye ujana wake alifanya kazi kwa walowezi wa Sao Hill, akanivuta pembeni akaniambia "mwanangu, jina la farasi halibadilishwi, hao wazungu wenyewe walikuwa wanaogopa, mtakuja kunikumbuka." Nikamwitikia tu ndio mzee, unamjibuje mtu mzima.

Haikupita muda Asali akaugua. Nilimkuta alfajiri anachimbachimba chini kwa kwato la mbele, anageuza shingo kutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena, shingo yote jasho na huo ni mwezi wa saba Mafinga, baridi ambayo maji ya ndoo unayakuta yameshika barafu juu. Nikaweka sikio ubavuni. Kimya. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa na farasi anajua tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma mchana na usiku, ukiona kimya ujue hapo kuna kazi. Dokta alikuja akamchoma sindano ya maumivu, akampitishia mpira puani mpaka tumboni akamimina mafuta, halafu tukaanza kumtembeza kwenye ukungu kwa zamu, huyu akichoka anampa mwenzake kamba. Mchana ndio akanya. Mhariri usinicheke, sijawahi kufurahi kuona mavi kiasi kile.

Sasa wakati sisi tunashukuru Mungu kumbe huko nje habari imeshafika mnadani, farasi wa pale amerogwa na jina. Watu wazima kabisa wanakuja getini kutushauri tumrudishie Kimbunga wake, mmoja akasema achinjwe kuku mweusi mlangoni mwa banda, mwingine akasema kuku hana haja, inatosha kumwaga ulanzi, ile pombe ya mianzi, kidogo na kutaja jina la zamani kwa sauti. Huyo wa ulanzi nadhani alikuwa na kiu yake binafsi.

Jibu la tumbo lile lilikuwa wazi na dokta alilisema palepale. Mnyama kasafiri njia nzima kwenye lori linaruka, maji kanywa ya kubahatisha, kafika mwili umechoka, alizoea majani makavu na sisi siku ya kwanza tu kijana wa zamu kamjazia pumba kwa ukarimu. Farasi sio ng'ombe, hacheui, na mwili wote ule mkubwa lakini tumbo lake la chakula ni dogo, halafu kubwa kuliko yote farasi hawezi kutapika. Wewe ukila kibaya unakimbilia nyuma ya nyumba yanaisha, yeye kikishashuka kimeshuka. Ndio maana chakula chake kinabadilishwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, unachanganya cha zamani na kipya. Angeitwa Kimbunga mpaka leo angeugua vilevile.

Na hapa ndipo mimi huwa nashindwa kutuelewa sisi watu wa huku. Mtoto mchanga akilia usiku kucha bibi anasema jina limemkataa, mpeni la babu yake, anapewa, akinyamaza wote tunasema si unaona. Kwa mtoto wa mtu kubadilisha jina ni dawa, kwa farasi kubadilisha jina ni sumu, sasa hayo majina yanafuata sheria gani? Mbona punda hayamkuti, punda wengi wa huku hawana hata jina, anaitwa "we" na fimbo, na bado anabeba magunia ya mahindi mpaka anazeeka.

Watasema mbona kuna farasi alibadilishwa jina akafa kweli. Ndio, najua, hata mimi namjua mmoja. Huyo alishushwa kutoka huku milimani akauzwa Usangu, kijana mfugaji alimtaka wa kuzungukia ng'ombe, akambatiza jina jipya la Jemedari, akampiga picha nyingi sana za simu. Masika ilipokolea Jemedari akafa, na alivyokufa ni kwamba jioni alikula vizuri, kesho yake homa kali, pua zimetanuka anatafuta hewa, halafu povu jeupe likaanza kumwagika puani kama la sabuni ya unga, na kabla jua halijazama ameshakufa. Mtu akiona povu lile akili inakwenda kwa mganga moja kwa moja, simlaumu.

Lakini ule ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima na jina lake linabeba bara letu, ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni virusi, vina aina tisa, na havisambazwi kwa kugusana wala kwa jicho baya, vinasambazwa na vijidudu vinavyoruka, vidogo kuliko mbu, jamii inayofanana na usubi, vinauma hasa kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Farasi akishikwa na ule wa mapafu karibu wote wanakufa, kuna ule mwingine wa moyo ambao kichwa kinavimba na juu ya macho panajaa, huo angalau kuna wanaopona. Punda na pundamilia wao wanavibeba virusi na mara nyingi hata huoni kama wanaumwa. Sasa chukua mfugo uliozoea Mafinga, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake, ushushe kwenye bonde la Usangu lenye joto, majaruba ya mpunga na maji yaliyotuama, jirani na hifadhi ya Ruaha yenye pundamilia wake, ulaze nje usiku wakati wa mvua, bila chanjo. Unategemea nini? Yule kijana alipoambiwa habari ya chanjo alisema aliyemuuzia hakumtajia kitu. Lakini jina la zamani alitajiwa, na akaonywa asilibadilishe! Yaani kapewa onyo la nuksi na kanyimwa habari ya sindano. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Na sio jambo la jana. Kule Cape, Afrika Kusini, mwaka 1854 kuingia 1855 ugonjwa huu uliua farasi karibu 70,000, hakuna aliyepita anawabadilisha majina. Farasi aliyeugua akapona siku zile alikuwa anauzwa bei mbaya maana walijua ameshakomaa, na kwenye bei mbaya matapeli hawakosekani. Njoo sasa hapa kwetu, vita ya kwanza ya dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya jenerali wao Van Deventer waliteremka kutoka Kondoa mwaka 1916 na Agosti wakaingia Kilosa. Farasi kwenye vita ile walikufa kwa maelfu, wengine kwa ugonjwa huu, wengine kwa ndorobo, wengine njaa na kuchoka tu, njia nzima mizoga. Walikuwa na majina waliyopewa na wenyewe nyumbani kwao na hayakuwasaidia kitu.

Tuje kwa hao wazungu ambao mzee wangu anasema walikuwa wanaogopa. Ni kweli, imani hii ipo Uingereza na Marekani mpaka leo, watu wa farasi wana mambo yao mengi, kiatu cha farasi mlangoni midomo itazame juu bahati isimwagike, wengine wanabisha itazame chini, farasi mwenye soksi nyeupe miguu yote minne wana wimbo wa kumkataa. Jina nalo limo humo. Ila ukiangalia kwa karibu hao hao farasi wao wana majina mawili mawili. Farasi wa mbio anaandikishwa jina kwenye daftari, mwisho herufi 18 pamoja na nafasi, halafu bandani anaitwa lingine kabisa. Secretariat, yule wa Marekani aliyechukua mataji matatu mwaka 1973, wa karibu yake walikuwa wanamwita Big Red. Red Rum wa Uingereza aliyeshinda mbio za Grand National mara tatu, 1973, 1974 na 1977, kwao alikuwa Rummy tu. Jina la kwenye daftari farasi hata hajawahi kulisikia vizuri, ni la watu na karatasi zao, na siku ya mbio linatangazwa kwenye spika kwa kasi mpaka mtu mwenyewe halishiki.

Kinachokatazwa kweli huko ni kubadilisha la kwenye daftari. Marekani farasi akishakimbia mbio yake ya kwanza hilo jina ndio basi tena, halibadilishwi. Sababu yake haina uchawi hata kidogo, ni wizi. Mwaka 1844 kwenye Derby ya Epsom, Uingereza, mbio za farasi wa miaka mitatu, alishinda farasi anaitwa Running Rein, kuja kuchimba kumbe ni Maccabeus, ana miaka minne, amevalishwa jina la mwingine, ushindi ukafutwa akapewa Orlando, farasi aliyekuwa wa pili. Na Australia mwaka 1984, pale Brisbane, walimchukua farasi mzuri anaitwa Bold Personality wakamkimbiza kwa jina la Fine Cotton ambaye alikuwa dhaifu, na kwa kuwa rangi hazikufanana wakampaka dawa ya nywele mwili na rangi nyeupe miguuni. Akashinda kweli. Shida ikaja rangi ikaanza kuchuruzika mbele ya watu walioweka pesa zao. Mimi kila nikiikumbuka hiyo nacheka peke yangu bandani, wenzangu wanadhani nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kwanini watu wa farasi waliogopa jina kubadilishwa, nahisi ni hapo. Farasi mwenye jina jipya mara nyingi ni farasi mwenye jambo. Huku kwetu pia naona, farasi anauma, au anakimbia na mtu mgongoni akiona pikipiki, au mguu wa nyuma una kidonda cha ndani kinachorudi kila mvua, mwenye nae anamchoka, anamuuza wilaya ya pili kwa jina jingine, mpole kabisa, mtoto anapanda. Anayenunua akianguka akavunjika mkono anasema nuksi ya jina. Nuksi gani, huyo farasi alishavunja watu wawili huko alikotoka, kilichobadilishwa ni jina ili usiulize! Na halafu karibu kila anayebadilishwa jina ni aliyetoka kuuzwa, na aliyetoka kuuzwa ndiye aliyetoka kusafirishwa, kubadilishiwa chakula, maji, hali ya hewa na wenzake wa bandani. Wiki hizo za mwanzo ndizo anazougua. Jina limetokea tu kuwa jirani wa tukio, likakamatwa.

Watu wa majini nao wana imani hii hii, meli haibadilishwi jina. Nenda Kigoma ukaulize ile Liemba. Wajerumani waliiunda kule kwao mwaka 1913 wakaileta vipande vipande, ikashuka ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen, mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiopoa 1924 na mwaka 1927 ikaanza upya kwa jina la Liemba. Kwa jina la kwanza ilidumu mwaka na kidogo ikawa chini ya maji. Kwa jina la pili imebeba watu na dagaa miaka na miaka. Titanic haikubadilishwa jina hata herufi moja.

Ila nisiwe mbishi wa kila kitu. Kwenye maksai nakubali kuna ukweli wake, maana mimi mwenyewe nimekulia nyuma ya plau Mbozi. Ng'ombe wa kulima amefundishwa kwa jina, ukimwita yeye ndiye anayevuta au anayegeuka, mwenzake anasubiri lake. Ukimnunua kwa Msukuma wa Chunya mwezi wa kumi na moja mvua hizo zinaanza halafu ukamwita jina la kwenu hasikii, anasimama katikati ya mtaro anakutazama, wewe unachapa, jozi inavurugika, siku za kulima zinakwenda. Hapo acha jina lake, au mfundishe jipya kiangazi wakati hakuna haraka. Ni mazoea tu ya sikio. Farasi naye hivyo hivyo, kwa farasi hata jina lenyewe halina uzito kihivyo, anasikiliza zaidi sauti ya anayemwita na namna anavyoita, mie wangu wanajua mlio wa ndoo ya chakula kuliko majina yote niliyowahi kuwaita.

Ukitaka kubadilisha basi ita yote mawili pamoja kwa muda, la zamani kwanza kisha jipya, mpe kipande cha karoti, baadae la zamani unaliacha. Asali tulifanya hivyo na aliitikia mapema kuliko mke wa bosi alivyotegemea, mtoto anapanda.

Cha kusisitiza ni kwamba la zamani liandikwe. Kuna mnunuzi anafuta kila kitu anaanza upya, akiulizwa farasi katoka wapi hajui, alichanjwa lini hajui, dawa gani zinamkataa hajui, na dokta akipiga simu alikotoka anauliza habari za Asali wanamwambia hatujawahi kuwa na Asali hapa. Nchi za wenzetu farasi ana pasipoti yake kabisa, michoro ya alama za mwili, chanjo, na chipu ndani ya shingo. Sisi hata daftari la shule la kurasa arobaini linatosha: jina la kwanza na la sasa, amezaliwa lini, alama zake, alichanjwa lini, aliumwa nini, alikuwa anakula nini, anaogopa nini. Anayeuza akigoma kukupa hiyo na badala yake anakupa hadithi ya nuksi, ondoka.

Mhariri, ninachokuomba ni kimoja. Tafuteni dokta wa mifugo mmoja anayejua wanyama hawa, wa Uyole au popote mtakapompata, aandike kwenye gazeti lako kuhusu huu ugonjwa wa farasi kabla ya mvua za mwaka huu, maana chanjo inatakiwa itangulie, inachomwa kiangazi na huwa ni sindano mbili zinazopishana wiki kadhaa, sio uanze kuitafuta mwezi wa pili vijidudu vimeshajaa. Aeleze na hili la kuwaingiza bandani kabla jua halijazama na kuwatoa likishapanda, halina gharama hata shilingi na huku wengi hawalifanyi. Chanjo yenyewe inatoka Afrika Kusini na inasafirishwa kwenye baridi muda wote, kwa mwenye farasi mmoja kuagiza peke yake ni mateso, kwa hiyo kama kuna msomaji ana farasi Njombe, Makambako, Mbarali au kwetu Mbozi na anataka tuunganishe oda moja, dokta wa mifugo wa wilaya ashirikishwe tufuate taratibu, aandike kupitia gazeti hili nami nitamjibu. Aje na idadi na umri wa farasi wake, na majina yote waliyowahi kuitwa.

Saisi wa Mafinga,
Iringa